Nani Ashikaye Nguvu?



Watu wakitaka kujenga shule au kuchimba kisima, neno la kwanza huwa umoja. Ni neno jema. Lakini yafaa tuulize pia, nguvu imo mikononi mwa nani?

Tazameni habari za Kilimanjaro. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa walianzisha chama chao, na Joseph Merinyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na KNCU, chama cha ushirika kilichoandikishwa kwa sheria, na meneja wake alikuwa Mzungu. Kisha ikatoka amri kwamba kahawa yote ya wakulima iuzwe kwa chama hicho tu. Bei ilipokuwa ndogo wengi walinung'unika, na mwaka 1937 fujo ikatokea.

Kuuza pamoja kulikuwa na faida. Kilichopungua ni neno la mkulima katika jambo lililoitwa lake.

Basi katika kamati zetu tuulize mambo matatu. Nani ashikaye kitabu cha hesabu? Nani awezaye kusema "sivyo" bila hofu? Nani awezaye kumwondoa kiongozi asiyefaa?

Musa mwenyewe alisikia shauri la mkwewe Yethro, akawagawia wengine kazi. Mwalimu asiyegawa kazi, siku atakapohamishwa, kazi hufa nyuma yake.

Jioni moja mwezi huu, zungumzeni neno hili nyumbani, na vijana nao waseme.