MWALIMU ANAJIBU: Siku mbili katika mji wa Barcelona



Juma hili sijibu barua ya msomaji, bali ya mtoto wa nyumbani kwetu. Mwana wa ndugu yangu mkubwa anasoma Toulouse, katika Ufaransa, naye ameniandikia hivi: «Baba mdogo, nimepata Jumamosi na Dominika za kupumzika. Nataka kuvuka mpaka nione mji wa Barcelona, katika Hispania. Fedha yangu ni kidogo. Uwanja wa mpira nitauona kwanza. Mengine uniambie wewe.» Mama yake, barua ilipokwisha kusomwa, aliuliza neno moja tu: «Na Misa je?»

Kwa kuwa wengi wenu mna watoto ng'ambo, naliweka jibu langu hapa.

Mwanangu, uwanja siukatazi. Ulifunguliwa mwaka 1957, na umaarufu wake waujua kuliko mimi. Tena tangu mwaka 2025 wachezaji wa mji ule huvaa jina la nchi yetu mgongoni wakati wa mazoezi, kwa mapatano ya miaka 4 ambayo bei yake yapita yuro milioni 40. (Wazazi waliokwisha kulipa ada ya shule mwezi huu watapiga hesabu wenyewe.) Lakini watu wa nchi ile walikutana na watu wa Kongo karne nyingi kabla ya mpira, na habari hiyo hutaisoma uwanjani. Nitaifikia.

Ukishuka katika gari la moshi Jumamosi asubuhi, nenda mji wa kale. Katika baraza ya ndani ya kanisa kuu utaona mabata bukini weupe 13. Wanafugwa humo kwa ukumbusho wa Mtakatifu Eulalia, msichana shahidi, ambaye yasemwa aliuawa akiwa na umri wa miaka 13. Watazame, kisha upite. Usimalize asubuhi yako kwa mabata.

Tembea kuelekea bahari mpaka kanisa la Santa Maria del Mar. Hapo ndipo ninapotaka ukae. Kanisa hili lilijengwa toka mwaka 1329 hata 1383, na waliolijenga si wafalme. Walikuwa mabaharia, wafanya biashara, na hasa wapagazi wa bandari. Watu hawa, kazi yao ya kila siku ilikuwa kupakua mizigo ya merikebu. Basi walijitoa kuchukua mawe ya kanisa mabegani, toka machimbo ya kilima cha Montjuïc mpaka mahali pa ujenzi. Angalia milango mikubwa: utaona vijitu vidogo vya shaba vimeinama, kila mmoja na mzigo wake. Nilipojifunza habari hiyo nilimkumbuka babu yako, aliyechukua matofali kichwani kwa kanisa la misioni yetu, naye jina lake halikuandikwa mlangoni. Mwaka 1936, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kanisa la wapagazi lilitiwa moto na vitu vya ndani viliteketea. Nguzo zilibaki zimesimama.

Mahali pasipo mbali na hapo ilisimama sanamu ya Antonio López, tajiri wa merikebu wa karne ya 19, aliyepata mali Kuba, naye anashitakiwa kuwa alifanya biashara ya watumwa. Wakuu wa mji waliiondoa mwezi wa Machi 2018. Binti yake aliolewa na Eusebi Güell, bwana yule aliyeagiza bustani nzuri iitwayo Park Güell. Sikuzuii kwenda bustanini, lakini uende ukijua.

Na sasa habari niliyokuahidi. Katika nchi hiyo hiyo ya Katalunya, kijijini Verdú, alizaliwa Petro Claver mwaka 1580. Alisoma Barcelona, akaingia shirika la Yesu, akatumwa ng'ambo mpaka Cartagena, katika Kolombia ya leo. Huko ziliwasili merikebu zilizojaa watu wetu, wa Kongo, wa Angola, wa Ginea, wamefungwa minyororo. Yeye alishuka ndani ya merikebu, penye giza na uvundo, akiwa na maji, chakula na dawa, pamoja na wakalimani Waafrika, waliokuwa watumwa nao pia. Alifanya kazi hiyo karibu miaka 40. Papa Leo XIII alimtangaza mtakatifu mwaka 1888. Mji mmoja uliwajua wote wawili, mwenye sanamu na mwenye kushuka merikebuni.

Jioni kula mkate uliopakwa nyanya mbichi, mafuta ya zeituni na chumvi. Ni chakula cha wenyeji, tena bei yake si kubwa. Katika njia kuu ya Rambla ushike mfuko wako mbele. Wezi wa mifuko ni hodari.

Dominika, mwambie mama yako asihofu. Katika basilika ya Sagrada Família watalii hulipa tiketi ghali, bali Misa ya mataifa ya saa tatu asubuhi haina tiketi. Uwahi tu, kwa maana nafasi hujaa. Jiwe la kwanza liliwekwa siku ya Mtakatifu Yosefu, mwaka 1882, na tangu hapo kazi inaendeshwa kwa sadaka. Papa Benedikto XVI aliiweka wakfu mwaka 2010. Ndani, nguzo zimetawanya matawi juu kama miti. Wewe uliyekulia karibu na msitu utazielewa upesi kuliko wengine.

Aliyeibuni, Antoni Gaudí, alipanga mnara mkuu uwe na mita 172 na nusu, usipite kilima cha Montjuïc, kwa kuwa kilima ni kazi ya Mungu. Mwezi wa Juni 1926 aligongwa na tramu. Mavazi yake yalikuwa duni, wala hakuwa na karatasi za kumtambulisha, hivyo alidhaniwa mwombaji, akapelekwa hospitali ya maskini. Alifariki siku ya tatu, akazikwa chini ya kanisa lake. Mwezi wa Aprili 2025 Papa Fransisko alikubali kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa ushujaa.

Usitoke kabla hujaitafuta shule ndogo yenye paa la mawimbi, aliyoijenga mwaka 1909 kwa ajili ya watoto wa mafundi. Kanisa lilikuwa bado halina minara, na watoto walikuwa na darasa. Mimi mwalimu ningeitazama hiyo kwanza.

Mlima wa Montserrat, penye sanamu ya Bikira Maria mwenye uso mweusi, uuache kwa safari nyingine. Nauli ya kwenda na kiingilio cha uwanja hutaviweza pamoja.

Nimekwisha kupata jibu lake: «Baba mdogo, wapagazi Jumamosi. Dominika Misa saa tatu, uwanja saa nane.» Mama yake sasa anauliza kama amechukua koti.