Vijana wa Bura, zibeni ufa kabla vumbi halijazima taa zenu

Siku hizi kutengeneza koti linalowaka taa si kazi ya wenye pesa. Mkanda wa taa za LED, swichi, betri na fundi mwenye lehemu, basi, unang'ara kwenye harusi ya usiku au sherehe ya Iddi uwanjani. Lakini huku Bura, Kaunti ya Garissa, kuna mgeni asiyealikwa ambaye hakosi sherehe: vumbi.

Wengi hudhani vumbi ni uchafu tu, unapangusa maisha yanasonga. Sivyo. Likiwa kavu huingia kwenye swichi na tundu la chaja, umeme ukapita kwa shida na sehemu hiyo ikapata joto. Likikutana na jasho, ambalo lina chumvi, huwa tope linalopitisha umeme na kula shaba ya nyaya. Ndiyo maana koti lililowaka vizuri nyumbani huanza kumetameta ovyo baada ya saa mbili za kucheza.

Hili si tatizo la vijana pekee. Kituo cha umeme wa jua cha Garissa, chenye uwezo wa takriban megawati 50 na kilichofunguliwa Desemba 2019, nacho hupoteza nguvu paneli zake zikifunikwa na vumbi. Ikiwa mtambo wa ukubwa huo unahitaji kupanguswa, sembuse koti lako?

Ukinunua mkanda wa taa, soma herufi IP na tarakimu zinazofuata. Ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP30 haizuii vumbi. IP65 na IP67 zinalizuia kabisa. Lakini hapa ndipo wengi hunaswa: ukishaukata mkanda kwa mkasi na kuuunga upya, kinga imeisha pale ulipokata. Kiwandani walifunga, wewe umefungua. Ziba maungio hayo kwa silikoni, ila epuka ile inayonuka siki, kwani asidi yake hula shaba. Kwenye kibodi kidogo cha umeme, hata rangi ya kucha isiyo na rangi husaidia, mradi usipake kwenye swichi na matundu ya chaja.

Usizibe kupita kiasi, joto nalo linahitaji pa kutokea. Mita moja yenye taa 60 za rangi za volti 5, ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote, inaweza kula zaidi ya ampea 3. Punguza mwanga, usiku wa Bura theluthi moja inatosha kabisa.

Kuhusu betri, hapo hatutaki mzaha. Betri ya lithiamu iliyopata shoti inaweza kuwaka moto, na wewe umeivaa mwilini. Iweke kwenye kipochi kigumu kiunoni, juu ya nguo, mahali unapoweza kuing'oa mara moja. Weka fyuzi. Usiichaji ikiwa bado ina joto la jua. Ikivimba, achana nayo hata kama uliinunua jana.

Waandaaji wa sherehe nao wana wajibu. Kunyunyizia uwanja mzima maji wakati watu na mifugo wanatafuta ya kunywa ni ufujaji. Meza moja yenye brashi laini, vitambaa vikavu na ndoo ya mchanga wa kuzimia moto mdogo haigharimu sana.

Vyuo vya ufundi vya kaunti hii pia vifundishe umeme wa mazingira yetu. Mwanafunzi akijua kulehemu bila kujua kuziba, atahitimu na cheti halafu kazi yake izimike msimu wa Jilaal ukifika. Kijana anayeweza kulinda taa dhidi ya vumbi la Bura anaweza pia kutengeneza redio, pampu na taa za sola za jirani, na hiyo ni ajira.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa koti la taa, ufa wenyewe ni pale mkono wako ulipounga waya. Uzibe kabla ya kutoka nyumbani.