Taka za Jiji na Tanuri la Saruji

Katika nchi nyingi wenye viwanda vya saruji sasa huchoma taka ngumu badala ya makaa ya mawe. Nchini Ujerumani zaidi ya theluthi mbili ya joto la matanuri hayo hutokana na tairi kuukuu, plastiki na takataka nyinginezo. Nchini Uganda, kiwanda cha Hima kimechoma maganda ya kahawa. Ni haki basi mwananchi wa Dar es Salaam alitazamapo jaa la Pugu Kinyamwezi aulize kwa nini mali hiyo ioze bure.

Swali hilo halifai kubezwa. Ndani ya tanuri la saruji mawe ya chokaa na udongo hupikwa hadi nyuzi 1,450 za Sentigredi, na mwali wenyewe hukaribia 2,000. Katika joto hilo sumu nyingi huvunjika, na majivu hayatupwi, bali huungana na klinka. Tairi lililotelekezwa hufuga mbu. Likichomwa barabarani hujaza moshi vifua vya wapita njia. Tanurini hutoa joto, na hata waya wake wa chuma huingia katika saruji.

Lakini tusidanganyane. Sehemu kubwa ya taka za miji yetu ni maganda ya ndizi na mabaki ya vyakula, yaliyojaa maji. Kuyatia tanurini ni kupoteza moto kwa kukausha maji, ilhali yangefaa kuwa mbolea. Kinachowaka vizuri ni plastiki, karatasi na mbao, yaani vitu vilevile ambavyo waokota taka huviuza kwa kilo ili wapate riziki. Watu hawa wamechambua taka zetu miaka yote bila glavu wala mshahara. Mkataba wowote utakaowaruka utakuwa ni wa kuwanyang'anya.

Wala isidaiwe kwamba taka zitaitakasa saruji. Zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa itokayo kiwandani hutoka katika jiwe la chokaa lenyewe, liwe limechomwa kwa kuni au kwa mafuta. Na pale tanuri linapotumia gesi asilia, faida ya kubadili ni ndogo kuliko pale panapochomwa makaa ya mawe.

Kisha upo moshi. Zebaki haiteketei, hupaa. Plastiki yenye klorini yaweza kuzaa dioksini, na ndiyo sababu Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliyataja matanuri ya saruji yachomayo taka za hatari kuwa miongoni mwa vyanzo vya sumu hiyo. Hivyo kabla tani ya kwanza haijachomwa, vyombo vya kupimia vifungwe juu ya bomba la moshi, na majibu yabandikwe kila mwezi katika ofisi za serikali za mitaa zinazozunguka kiwanda, kwa Kiswahili. Na halmashauri isikilipe kiwanda ada ya kuchoma taka kabla ya kupanga bei ya haki ya kila kilo atakayoileta mwokota taka.