Aitikaye Marahaba Ana Deni

Katika pitapita zetu za kazi ya Chama mkoani Katavi, asubuhi moja tulisimama sokoni mjini Mpanda mbele ya bibi mmoja aliyekuwa akiuza maharage. Pembeni yake alikuwapo mjukuu wake wa kiume, wa umri wa miaka kama kumi. Kila mtu mzima aliyepita, mtoto yule alimwamkia: "Shikamoo." Nasi alituamkia, nasi tukaitika marahaba. Hakuna aliyemhimiza; ulimi wake ulikwisha kuzoea. Huku kwetu Visiwani mtoto wa namna hiyo huombewa dua.

Haukupita muda akaja mtoto mwingine wa rika lake, amefuatana na baba yake, akataka kuweka beseni la nyanya mahali pale pale. "Sogea huko, mkimbizi!" alisema. Watu wazima waliokuwa karibu wakacheka, na baba mtu naye akacheka. Bibi hakujibu. Alikusanya pembe za gunia lake, akalivuta kando, na mjukuu akamsaidia.

Bibi na mjukuu walitoka Katumba. Kwa wasomaji wa Visiwani wasiopajua, Katumba imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo. Makazi yale yalifunguliwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji yaliyotokea Burundi mwaka 1972. Walipewa ardhi, wakafyeka msitu, wakalima chakula chao na cha kuuza. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa, kwa jinsi nchi yetu ilivyowapokea wakimbizi. Mwaka 2010 Serikali ilitangaza uraia kwa watu wapatao 162,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na mwaka 2014 vyeti vikaanza kugawiwa. Ni watu ambao wengi wao hawajui nchi nyingine ila hii.

Yafaa ieleweke kwamba neno mkimbizi lenyewe si tusi. Wapo hata leo walio wakimbizi kisheria, na hilo si aibu yao. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa tangu utotoni kwamba Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alihama Makka kwa kuudhiwa, na watu wa Madina waliompokea yeye na wenzake wakapata jina tukufu la Ansari, yaani wasaidizi. Aibu ni kulichukua neno hilo na kumrushia mtoto ili apishe njia. Sura ya Al-Hujurat inakataza waziwazi watu kudharauliana na kubandikana majina mabaya. Na ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU, iliyorithiwa na CCM, ilihusu undugu wa binadamu wote. Kwa dini na kwa siasa, basi, hatuna pa kujificha.

Wapo watakaosema kuwa yale yalikuwa maneno ya watoto tu. Hatukubaliani nao. Mtoto wa miaka kumi hakuyajua ya mwaka 1972. Neno lile alilipata nyumbani au barazani, na siku ile kicheko cha wakubwa kikamthibitishia kuwa ni neno zuri.

Nasi wa Visiwani tusijitie usafi. Tulipitia miaka ambayo mtu aliulizwa kwanza ametoka kisiwa gani, na jibu lake likageuzwa kejeli. Mwaka 2010, mwaka ule ule wa tangazo la uraia, tulipiga kura ya maoni ya kukubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, tukasema yaliyopita si ndwele. Lakini maneno yale hayakufutwa kwa kura. Mzazi mwenye masikio makini bado atayasikia kwa watoto wanaporudi skuli, na akijiuliza wameyatoa wapi, atajikuta anajitazama mwenyewe.

Kwa watumishi wa Serikali tuna neno moja. Fomu huenda ikahitaji kuandika asili ya mtu, iandikwe. Lakini anayesimama mbele ya meza ni mama, ni mzee, ni ndugu, na aitwe hivyo. Mtumishi anayeketi na kumwacha bibi wa miaka sabini amesimama, kisha akamwita kwa asili yake badala ya jina lake, ajue kwamba mjukuu aliyemshika bibi mkono anasoma somo asilolifundishwa darasani.

Lawama ya mwisho ni yetu wenyewe. Tulikuwapo pale sokoni na tulinyamaza. Tulijiambia kuwa sisi ni wageni, kwamba si mahali petu. Tulipokwisha kuondoka ndipo ilipotujia maana ya salamu tuliyopewa. Mtoto anaposema shikamoo anajiweka chini ya mkubwa. Mkubwa anapoitika marahaba anakubali kuwa mkubwa wake, bila kuuliza kabila wala cheti. Mila zetu haziruhusu kupokea heshima ya mtoto kisha kumwacha peke yake anapodhalilishwa. Anayeitika ana deni.

Deni hilo si zito. Lilikuwa neno moja la upole kwa mtoto wa nyanya, "Mwanangu, hivyo sivyo, mwombe mwenzio nafasi," na neno jingine kwa baba yake, kando, bila kumwaibisha mbele ya mwanawe. Pengine gunia la bibi lingebaki mahali pake. Safari nyingine tutakapoamkiwa, Mpanda au Mkunazini, tujiulize kabla ya kuitika kama tuko tayari kulipa.