Morani wa Wamunyu na Hukumu ya Wahakiki

Kuna hukumu ambayo imerudiwa mara nyingi mno katika uhakiki wa sanaa za Afrika ya Mashariki hata haidaiwi tena ithibati: kwamba kinyago kinachochongwa kwa ajili ya mtalii ni bidhaa tu, na hakistahili kusomwa kama sanaa. Wanaoishikilia hupenda kunyoosha kidole Wamunyu, kwenye barabara itokayo Machakos kuelekea Kitui, wakamtaja morani wa Kimaasai: mrefu kupita kiasi, mkuki mkononi, ndewe zimening'inia, uso usio na mwenyewe. Mkamba, wanasema, amejisahau; amemchonga jirani, tena jirani aliyepigania naye ng'ombe, ili apate cha kuuza.

Historia kwanza. Uchongaji huu wa kuuza unanasibishwa na Mutisya Munge, mwenyeji wa Wamunyu aliyefika Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akaziona kazi za wachongaji wa huko (wengi husema ni Wazaramo), akarudi kwao na ujuzi huo. Kabla ya hapo Wakamba walikuwa wakichonga vigoda vya miguu mitatu vilivyotiwa nakshi ya nyaya, bakora na vijaluba vya ugoro. Sanamu ya mtu inayosimama rafuni bila kazi nyingine ila kutazamwa ilikua pamoja na soko lake. Mhakiki anayeomboleza usafi wa asili wa morani huyu anamlilia marehemu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Fedha hazikumharibu morani wa Wamunyu. Ndizo zilizomleta duniani.

Swali zito zaidi ni hili: sura ile ni ya nani? Mmaasai hakuketi mbele ya mchongaji ili achongwe. Aliye mbele ya mchongaji ni mnunuzi, naye hajafika bado. Amekwisha kumwona morani katika postikadi na vitabu vya safari kabla hajashuka katika ndege. Mchongaji huisoma tamaa hiyo kwa makini kuliko wahakiki wengi wanavyosoma matini. Anaujua urefu wa shingo unaouzika. Anajua kwamba mgeni anataka mpingo, na mpingo ulipoadimika, mti mweupe ukapakwa rangi ya viatu hata ukang'aa kwa weusi. Weusi wa Mwafrika ulionunuliwa dukani, ndani ya kopo! Riwaya ngapi za Kiswahili zimeusema uhusiano wa utambulisho na ununuzi kwa ukali wa namna hiyo? Mtalii hudhani amebeba sura ya Mwafrika kwenda nayo Ulaya, kumbe amefungasha sura ya haja yake mwenyewe, na ameilipia.

Yuko atakayejibu kwamba kuisoma tamaa ya mtu si kuipinga. Ni kweli. Aidha, vinyago vingi vya Wamunyu ni marudio yasiyo na uhai, na hakuna haja ya kuyatetea. Lakini hapo ndipo uhakiki ungeanza kazi: kutenga kinyago na kinyago kama utengavyo shairi na shairi. Badala yake umelihukumu soko zima kwa jumla, ukaenda zake.

Linganisha na Chéri Samba wa Kinshasa. Huyu alianza kwa kuchora mabango ya maduka, na tangu maonyesho ya Paris ya 1989 michoro yake imenunuliwa na matajiri wa Ulaya. Mwaka 1997 alijichora pamoja na Picasso, akaupa mchoro jina linaloulizia mustakabali wa sanaa yetu. Wahakiki humwona Samba kuwa mkosoaji wa soko; mchongaji wa Wamunyu humwona mhanga wake. Wote wawili wanaishi kwa soko hilohilo. Tofauti ni kwamba Samba ana jina, na uso wake umo ndani ya mchoro.

Wanafasihi hawana haki ya kushangaa. David Maillu, mwana wa Ukambani, alitendwa vivyo hivyo katika miaka ya 1970: vitabu vyake vya Comb Books viligombewa na wasomaji, na miongoni mwa lawama za wasomi ilikuwemo hii, kwamba ni biashara.

Katika chama cha ushirika cha Akamba kule Changamwe, Mombasa, kilichoanzishwa 1963 na wachongaji wenye asili ya Ukambani, kazi hutambulishwa kwa nambari ya mwanachama. Nambari yatosha kumlipa mchongaji; haitoshi kumhakiki. Mwanafunzi atakayetaka kuandika tasnifu juu ya mkono wa mchongaji mmoja, aone ulivyobadilika kutoka mpingo hadi mwarobaini, hatapata jina lake maktabani. Itambidi akipindue kinyago, asome nambari, kisha aende akaulize ni ya nani.