Ukuta wa Awasi uanzie kwenye kompyuta

Wadau, pale Awasi, kando ya barabara ya Kisumu–Kericho, malori hupita hata usiku. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinataka makazi yasizidi desibeli 35 usiku. Wengi watasema tujenge ukuta. Mimi nasema tupige hesabu kwanza!

Kuna mbinu ya vipande vya mpaka: hugawi hewa yote, unagawa uso wa ukuta tu, vipande sita kwa kila urefu wa wimbi. Mngurumo wa hezi 100 una wimbi la mita 3.4, hivyo kipande cha nusu mita chatosha. Ukuta wa mita 60 kwa 3, pande mbili, ni vipande kama 1,440. Laptopu ya kawaida inaviweza.

Wimbi refu hivyo hupinda juu ya ukuta mfupi. Heri tulione hilo kwenye skrini kabla ya kununua matofali.