Mombasa Haiishii Kivukoni: Dhidi ya Uhakiki wa Kisiwa

Katika uhakiki uliozoeleka wa nyimbo za Kiswahili, turathi ya muziki wa Mombasa huanzia Mji wa Kale na kuishia kwenye kivuko cha Likoni. Ndani ya mipaka hiyo taarabu hutukuzwa, chakacha hutajwa kwa haraka kama ngoma ya wanawake harusini, na beni huachiwa wanahistoria. Ng'ambo ya kivuko mhakiki hasikii tena muziki wa jiji. Husikia "ngoma za makabila". Mgawanyo huu hauna msingi, na umeidhuru taaluma.

Kijiji cha Mwabungo, kusini ya Diani, kimo katika nchi ya Wadigo, wenye ngoma iitwayo sengenya: ngoma za ukubwa na sauti mbalimbali, upatu na nzumari. Nchi hiyohiyo ya Wadigo inafika Likoni, na Likoni ni Mombasa. Nzumari nayo si ngeni katika ngoma za Waswahili wenyewe.

Utetezi unaotolewa ni wa lugha: nyimbo hizo ni za Chidigo, basi si mali ya idara ya Kiswahili. Utetezi huu ungekuwa na uzito lau ungetumiwa kwa haki. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alisifika kwa kuimba kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na hakuna aliyemtoa Mombasa kwa ajili hiyo. Mahadhi yaliyovuka bahari yamepokewa bila kuulizwa asili. Mdundo uliovuka kivuko tu ndio unaodaiwa cheti. Itajibiwa kwamba maneno ya Bhalo yalikuwa ya Kiswahili. Ndivyo, na hapo ndipo kosa linapojifichua: mhakiki huhesabu vina na mizani, kisha huita kazi hiyo uchambuzi wa muziki. Zuhura Swaleh aliuingiza mdundo wa chakacha katika taarabu. Katika miaka ya 1980 Mombasa Roots wakaupeleka kwenye dansi. Yote haya hayaonekani katika maneno yaliyopigwa chapa.

Wanahistoria (na hili ni la kutia haya kidogo) walitangulia kusikia. Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975. Strobel, mwaka 1979, aliyapa mashindano ya lelemama ya wanawake wa Mombasa uzito yaliyostahili.

UNESCO iliiingiza misitu ya makaya ya Mijikenda, Kaya Kinondo jirani na Mwabungo ikiwamo, katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mwaka uliofuata mila za makaya zikaorodheshwa miongoni mwa zile zinazohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Idara za fasihi hazikuwa na haja ya kungoja orodha hizo. Mwanafunzi atokaye Mwabungo bado hutakiwa kuchambua mizani ya utenzi ambao hajawahi kuusikia ukighaniwa, na sengenya aliyokua akiisikia haiulizwi popote katika karatasi ya mtihani.